Unaanza Gemu za Kufyatua Risasi Mtandaoni? Soma Hii Kabla ya Kununua UC

Kwenye vibanda vya PS pale Free Area au Kaptembwo, bei iko wazi. Unalipa kwa mechi, unacheza, unaondoka. Gemu za vita za mtandaoni zimekuja na hesabu nyingine kabisa: kupakua ni bure, kucheza ni bure, na bado kuna siku utafungua taarifa ya miamala yako ujiulize zile mia tano zilienda wapi. Leo tunaongea na mgeni kabisa, yule ambaye hajawahi kuruka kutoka kwenye ndege ya PUBG. Acheze gemu gani, ajifunze vipi, na pesa yake aitoe lini, kama ataitoa.

Anza na simu uliyo nayo

Majina matatu utayasikia kila mahali. Free Fire ya Garena ilitoka 2017, PUBG Mobile ikafuata 2018, na Call of Duty: Mobile ikaja Oktoba 2019. Kama simu yako ni ya bei ya chini na nafasi imebaki kidogo, Free Fire ndiyo nyepesi zaidi. Wachezaji ni 50 kwenye mechi moja na mara nyingi mambo yanaisha kwa kama dakika kumi. PUBG huweka watu 100 kwenye kisiwa kimoja na mechi inaweza kufika nusu saa, kwa hivyo hakikisha chaji iko, maana stima ikipotea katikati ya mechi hakuna wa kukusubiri.

Sisi tungemshauri mgeni aanzie Call of Duty: Mobile, kwenye mechi za watu watano kwa watano, kama simu yake inaibeba. Sababu ni rahisi. Kwenye PUBG unaweza kutembea dakika kumi na tano ukiokota vitu, upigwe risasi usijue imetoka wapi, na hiyo ndiyo mechi yako imeisha. Umejifunza nini? Kwenye watano kwa watano, katika aina nyingi za mechi, ukiuawa unarudi baada ya sekunde chache. Ndani ya dakika kumi umepigana mara ishirini. Kulenga hujifunzwa kwa kurudia.

Kuhusu bando, watu wengi huogopa kitu kisicho kikubwa. Mechi yenyewe kwa kawaida hula megabaiti chache. Kinachomaliza bando ni kupakua gemu, kisha ramani zake, kisha masasisho yanayokuja kila baada ya muda, na hayo yanaweza kuwa gigabaiti nzima. Pakulia kwenye waifai ya chuo au ya ofisi, halafu ingia kwenye mipangilio ya Play Store uzuie masasisho ya kujiendesha yasitumie data ya simu. Wanafunzi wa Egerton kule Njoro hawahitaji kufunzwa hili, lakini wengine wetu bado tunashangaa bando la wiki limeishaje Jumanne.

Angalia pia ile namba ndogo pembeni mwa skrini, inayoitwa pingi. Inapima muda ambao amri yako inachukua kwenda hadi kwenye seva na kurudi, kwa sehemu za elfu za sekunde. Seva nyingi ziko mbali na Afrika Mashariki, kwa hivyo usishtuke ukiona 150. Chagua seva yenye namba ndogo zaidi, mara nyingi ya Ulaya au Mashariki ya Kati, na zima hotspoti. Pingi ya 160 iliyotulia ni nafuu kuliko inayoruka kutoka 90 hadi 400, kwa sababu mkono wako unaweza kuzoea kuchelewa kunakolingana.

Wiki ya kwanza utashinda, usijidanganye

Mechi zako za mwanzo zitakuwa tamu. Utaua watu sita, saba, utapiga picha ya skrini uweke kwenye status. Ukweli ni kwamba wengi wa hao ni boti, yaani wachezaji wa kompyuta ambao gemu inawaweka ili mgeni asikate tamaa. Ukipanda daraja boti hupungua, wanakuja watu wa kweli, na unaanza kupigwa vibaya. Hapa ndipo wengi hutoa pesa mara ya kwanza, wakidhani yule aliyewapiga alikuwa na bunduki bora kwa kuwa ilikuwa inang'aa.

Kabla ya kufika huko, fanya mambo machache. Ingia chumba cha mazoezi dakika kumi kila siku na ubadilishe kasi ya skrini mpaka kidole chako kikifanya mwendo mdogo, lengo nalo lisogee kidogo. Vaa spika za masikioni, kwa sababu hatua za adui zinasikika kabla hajaonekana na upande anaotokea unajulikana. Kwenye PUBG, usiruke Pochinki. Pochinki ni kama stejini Nakuru Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi: kila mtu yuko pale na kila mtu ana haraka. Shukia pembeni mwa ramani, tafuta kofia na vesti, kisha fuata duara mapema. AKM inauma lakini inarusharusha mkono, mgeni ajaribu UMP45 au M416. Kwenye Free Fire, jifunze kuweka ukuta wa Gloo haraka. Ukuta huo umeokoa watu wengi kuliko bunduki yoyote.

Sasa pesa

Kila gemu ina sarafu yake: UC kwa PUBG, CP kwa Call of Duty, almasi kwa Free Fire. Furushi dogo la UC ni 60, na bei yake imewekwa kwa dola, senti 99, yaani kama shilingi 130 hivi. Inaonekana kidogo. Lakini ukishabadilisha shilingi kuwa UC, akili inaacha kuhesabu shilingi. Bidhaa nyingi pia zina bei isiyolingana na mafurushi, kwa hivyo unabaki na UC kumi na kitu ambazo hazinunui chochote, na unaongeza.

Kwenye PUBG, skini ya bunduki ni mapambo tu, haiongezi nguvu ya risasi. Free Fire ni tofauti kidogo, baadhi ya skini zake hubadilisha uwezo wa bunduki, ila mgeni asiyejua kulenga hatasaidiwa nazo. Kitu cha kuogopa zaidi ni yale masanduku na magurudumu ya bahati, ambapo unalipa bila kujua utapata nini. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo yanavunja sheria zake za kamari. Hapa kwetu, kizuizi ni wewe mwenyewe.

Pendekezo letu: cheza mwezi mzima bila kutoa hata shilingi. Ukimaliza na bado unaipenda, weka kiwango cha mwezi, tuseme 200, na ununue vitu ambavyo bei yake imeandikwa. Kama salio halitoshi na simu inakuuliza ufulize, kataa. Deni la kununua nguo za mwanajeshi wa kwenye skrini utalilipa na ada.

Nunua ndani ya gemu kupitia duka la simu yako. Yule wa kwenye kundi la WhatsApp anayeuza UC nusu bei, jiulize anazipata wapi. Nyingine hununuliwa kwa kadi za wizi, mwenye kadi akilalamika pesa inarudishwa, na akaunti inayofungiwa ni yako. Anayekuomba nenosiri la akaunti ni mwizi, kwa kuwa kuongezewa UC kunahitaji namba ya mchezaji peke yake. Anayekuomba PIN au namba ya kuthibitisha iliyokuja kwa ujumbe anataka pesa yako yote. Hata sisi hatutawahi kukupigia kukuuliza PIN.

Na wewe mama au baba ambaye simu yako hushikwa na mtoto jioni: kwenye Play Store weka sharti la nenosiri kwa kila ununuzi, na PIN ya pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto huyo huyo. Watoto wanaijua.

Ombi la malipo likitokea kwenye skrini, soma jina na kiasi kabla ya kuweka PIN. Kama hukuliomba wewe, lifute. Na kama tayari umetuma kwa mtu asiyefaa, omba kurudishiwa muamala dakika hiyo hiyo, kabla hujampigia wala kumtukana, kwa sababu akishatoa pesa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu. Usifute ule ujumbe wa muamala. Namba iliyo mwanzoni mwake ndiyo mhudumu atakayokuomba kwanza.