Kipupwe cha Nyanda za Juu: namna ninavyouguza mafua nyumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti, huku kwetu si Tanzania ile wanayoijua watu wa Dar es Salaam. Asubuhi pale Uyole pumzi inatoka mdomoni kama moshi, maji ya bomba Mafinga yanauma vidole, na Kitulo umande unaganda juu ya majani. Miezi hiyohiyo kila nyumba ina mtu anayekohoa, ndiyo maana tumezoea kusema baridi imeleta mafua. Mimi nimelea watoto Mbeya, ukweni ni Iringa, na siku hizi nikisikia chafya nalaumu madirisha kwanza.

Mafua huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Hewa baridi na kavu huvipa muda zaidi wa kuishi, hilo ni kweli, lakini kazi kubwa ya baridi ni kutufungia ndani pamoja. Panda Coaster ya alfajiri uone: vioo vyote vimefungwa, abiria wamebanana, mmoja anakohoa, na anayethubutu kufungua kioo anapigiwa kelele. Mimi ndiye yule anayepigiwa kelele. Nafungua vidole viwili tu, najifunika kitenge, safari inaendelea. Mama mkwe bado anasisitiza sweta, nami navaa, maana sweta halina ubaya na neno la mama mkwe halibishaniwi.

Ukweni huko salamu ni ndefu. "Kamwene" inakwenda na mkono, na mkono haupewi kwa haraka. Siwezi kumnyima mzee mkono, ila kabla ya kugusa pua, macho au chakula nanawa kwa sabuni. Nikiwa na mafua mwenyewe nasalimia kwa mbali na kusema sababu. Wazee wanaelewa kuliko tunavyodhani. Chafya naipigia kwenye kiwiko.

Yapo mafua ya kawaida, ya makamasi na koo kuwasha, ambayo mtu anaendelea nayo na shughuli zake. Homa ya mafua, ile inayosababishwa na virusi vya influenza, haibishi hodi: asubuhi uko shambani, jioni mwili mzima unauma, kichwa kinagonga, homa imepanda. Dalili huanza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na mgonjwa huweza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla hajajijua. Lakini homa si ya kukisia. Mbeya mjini na Iringa malaria ni kidogo, ila kama mgonjwa ametoka Kyela au Dar hivi karibuni, apimwe kwanza.

Mwilini mwa mtu mwenye afya, homa ya mafua huisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi, ingawa kikohozi huchelewa kuondoka. Nyumbani kwangu mgonjwa analala, anakunywa sana: uji mwepesi, supu, chai ya tangawizi na limau. Asali inatuliza kikohozi, lakini mtoto aliye chini ya mwaka 1 hapewi kabisa. Kwa homa na maumivu natumia parasetamoli. Mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Soma pakiti za dawa za mafua za mchanganyiko, nyingi zina parasetamoli ndani, na ukichanganya na vidonge vyako unaliumiza ini. Watoto hupewa kwa uzito wao, na aspirini si yao. Kujifukiza kunazibua pua tu, hakuui virusi, na sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi pamoja na mtoto sikubali hata kidogo.

Kwenye duka la dawa muhimu watu huomba amoksilini kabla hata ya kueleza wanaumwa nini. Antibayotiki huua bakteria. Kwa virusi hazina kazi, na ukizoea kuzimeza ovyo, siku utakayozihitaji kweli huenda zisikusaidie.

Jambo linalonitisha kuliko homa yenyewe ni jiko la mkaa chumbani. Mgonjwa anatetemeka, ndugu kwa huruma wanaingiza jiko, wanafunga mlango na kuziba nyufa kwa nguo. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, na familia huweza kulala isiamke. Kichwa kuuma na kichefuchefu chake hufanana na mafua, kwa hiyo mtu hashtuki. Blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa vinatosha. Jiko likae nje.

Kinachoua kwenye mafua mara nyingi ni nimonia inayofuata nyuma. Kwa mtoto aliyetulia, hesabu pumzi dakika nzima: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni hospitali. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au akilegea, usingoje asubuhi. Chanjo ya nimonia hutolewa kliniki kwa watoto wachanga wakiwa na wiki 6, 10 na 14, zisirukwe. Chanjo ya homa ya mafua yenyewe haimo kwenye ratiba yetu ya taifa. Mwenye uwezo aulize hospitali kubwa za mjini.

Wajawazito, wazee, wenye pumu, kisukari au moyo wasisubiri kuzidiwa. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, kwa hiyo watu wengi huku wanaishi na kinga inayohitaji kulindwa: dawa za kila siku zisikatizwe kwa sababu ya mafua. Homa ya mafua si ya kudharau: nyanda hizi zinaijua tangu mwisho wa 1918, ilipopita Rungwe na majirani zake wakati vita vya Wajerumani na Waingereza vinaisha, ikaua wengi, na njaa ikafuata.

Kikohozi kikifika wiki 2, acha kukiita mafua. Peleka makohozi kituo cha afya wapime kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure.