Nani Apeleke Taarifa ya Ajali?

Kibarua aangukapo kutoka jukwaani, nyapara humtazamia mkandarasi, mkandarasi humtazamia mwenye jengo, naye mwenye jengo hudhani hospitali itapeleka habari. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iliuweka wajibu huo juu ya mwajiri. Ajali ikiua, sharti amwarifu afisa wa usalama na afya kazini wa eneo hilo katika muda wa saa 24, kisha apeleke taarifa ya maandishi katika siku 7. Ajali ikijeruhi tu, taarifa ya maandishi ni katika siku hizo hizo 7. Kumlipia majeruhi matibabu, ingawa ni jambo jema, hakumwondolei mwajiri wajibu huo.

Uchache wa siku una sababu yake. Jukwaa huvunjwa upesi. Ubao uliokatika huishia mekoni kuivisha chakula cha mafundi. Mkaguzi afikaye baada ya mwezi hukuta ukuta umekwisha kupigwa lipu, asiweze kupambanua kama ni kamba iliyooza au mti uliozidiwa na uzito wa mawe. Na mjane adaipo fidia, hutakiwa kuthibitisha ajali ambayo haikuandikwa popote.