Fomu ya Maoni Isigeuke Cheti cha Dawa

Mama anamleta mtoto katika zahanati. Mtoto anakohoa, makamasi yanamtoka na mwili una joto kidogo. Daktari anasikiliza kifua, anapima malaria na kupata hana. Ni homa ya mafua. Anaandika dawa ya kushusha joto na kumshauri mama ampe mtoto vinywaji kwa wingi. "Kwa hivyo hata sindano hamna?" mama anauliza. Akitoka, anapewa fomu: Je, umeridhika na huduma?

Fomu hiyo ina kazi yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu jinsi alivyohudumiwa, na bila maoni ya wananchi wasimamizi wasingejua kuhusu choo kichafu, foleni ndefu au muuguzi mwenye lugha chafu. Shida huanza pale alama za kuridhika zinapotumiwa kumpima daktari kwa uamuzi wake wa matibabu. Daktari anayejua kwamba "hapana" itamshushia alama hujifunza haraka kusema "ndiyo".

Marekani imeyapitia haya. Kuanzia Oktoba 2012, sehemu ya malipo ambayo Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, huzipa hospitali ilitegemea alama za utendaji. Mwanzoni maoni ya wagonjwa yalibeba asilimia 30 ya alama hizo, na baadhi ya maswali yalihusu jinsi maumivu yalivyotulizwa. Madaktari walilalamika kwamba wanasukumwa kuandika dawa kali za jamii ya opioidi, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa zikiua maelfu ya Wamarekani. Mwaka 2016 serikali iliamua kuyatoa maswali hayo katika hesabu ya malipo.

Utafiti uliochapishwa nchini humo mwaka 2012, uliohusu watu wazima zaidi ya 50,000, ulionyesha kwamba walioridhika zaidi na madaktari wao walilazwa zaidi, walitumia pesa nyingi zaidi kwa dawa, na hatari yao ya kufa ilikuwa kubwa kwa asilimia 26 kuliko ya wale walioridhika kidogo. Hilo halithibitishi kwamba kuridhika ndiko kulikowaua. Linaonyesha tu kwamba mgonjwa kufurahi na mgonjwa kutibiwa vizuri ni mambo mawili.

Turudi kwa yule mtoto. Mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Ikitolewa bure bilashi inaweza kumharisha mtoto au kumletea mzio, na bakteria huzidi kuizoea. Mwaka 2019 maambukizi ya bakteria sugu yalisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani.

Je, daktari akinyima dawa lazima mama aondoke amenuna? La. Utafiti mmoja wa Marekani kuhusu wazazi waliotarajia antibiotiki wakakosa uligundua kwamba walioelezwa la kufanya iwapo mtoto hatapata nafuu waliridhika zaidi kuliko walioachwa hivi hivi. Pengine mama huyu naye, zaidi ya sindano, alitaka uhakika kwamba hatarudishwa nyumbani na mtoto akazidiwa usiku.

Kwa hiyo fomu iulize mambo ambayo mgonjwa ndiye shahidi wake: alisubiri kwa muda gani, aliheshimiwa, alipimwa faraghani, alielezwa ugonjwa kwa lugha anayoielewa, dawa alizoandikiwa zilikuwepo. Kama alistahili sindano au la, hilo likaguliwe na madaktari wenzake kwa kusoma faili na kulinganisha na miongozo ya matibabu.

Na mzazi anayeambiwa mtoto hahitaji antibiotiki aulize, kabla ya kuondoka, ni dalili gani za kumrudisha mara moja. Miongoni mwake ni kupumua kwa haraka au kwa shida, kifua kubonyea ndani, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, au kulegea na kutoamka.