Bima yakataa kulipia upasuaji wa kupunguza matiti

SWALI: Daktari, matiti yangu ni mazito mno, maumivu ya shingo na mgongo hayaniachi. Kampuni ya bima inasema kuyapunguza ni urembo. Nifanyeje?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Dada, barua ya daktari inayosema tu “anahitaji upasuaji” haifiki popote. Daktari bingwa aeleze maumivu, vipele chini ya matiti, makovu ya sidiria mabegani, na tiba ya viungo uliyofuata bila nafuu. Omba kibali kabla ya kulazwa; kudai pesa baadaye ni taabu tupu. Wakikataa, wakupe sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba, kisha ukate rufaa. Ikishindikana, walalamikie IRA, mamlaka inayosimamia bima Kenya. Lakini kama mkataba wako unautenga upasuaji huu waziwazi, hata barua nzuri itagonga mwamba.