Beni: Ngoma ya Gwaride

Wapo wenzetu hapa Makindu wanaosema bendi ya gwaride ndiyo ya kisasa, na ngoma zetu ni za ushamba. Hebu tuwarudishe darasani.

Miaka ya 1890, Waswahili wa pwani walianzisha ngoma iitwayo beni, yaani bendi kwa matamshi yao. Walipiga ngoma kubwa na matarumbeta, wakavaa sare, wakapiga gwaride kama askari. Hata vyeo walipeana: mfalme, jenerali, kanali! Mombasa walishindana Kingi na Skochi. Tanganyika, Marini na Arinoti.

Karatasi ya alama, kama ile ya Tamasha la Muziki la Kenya lililoanza 1927, haikuwapo. Umati ndio ulioamua. Basi kila upande ulijikamua mfuko: sare mpya, karamu kubwa zaidi, nyimbo za kumkejeli mpinzani. Kushindwa kulikuwa aibu ya mtaa mzima.

Nasi Wakamba tunayo mbeni, ngoma ya vijana, yenye filimbi na kuruka sarakasi. Jina halifanani na beni? Ukiwa na babu aliyeicheza, muulize filimbi ilikuwa ikiamrisha nini, kisha uje utuambie chamani.