FUNDISHO: NJAA INAAMRIWA WAPI?



Kila tunapomaliza siku za kufunga, maneno mawili yanasikika nje ya kanisa. La kwanza: njaa imekuwa kali kuliko mbele ya kufunga. La pili ni la kumsema mwenzetu mnene, eti anafunga kwa mdomo tu, na usiku anamaliza bukari peke yake. Neno hilo la pili tulipime vizuri.

Chini ya ubongo kuna kipande kidogo cha gramu 4 hivi, kinaitwa hipotalamusi. Hapo ndipo habari za akiba ya mwili zinafika. Tumbo tupu linatuma grelini, inayoamsha njaa. Mafuta ya mwili yanatuma leptini, inayosema: akiba iko. Mafuta yakipunguka, leptini nayo inapunguka, na ubongo unaona hatari. Hauulizi kama ni vita, ukame ao kufunga kwa sala. Unaongeza njaa, tena unapunguza moto wa mwili ili akiba isiishe upesi.

Jambo hili lilionekana wazi huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, miaka ya 1944 na 1945. Vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri, kati yao Wakwekeri na Wamenonite, walijitoa kula kidogo ili wataalamu wajue namna ya kuwalisha watu waliokondeshwa na vita. Aliyewaongoza ni mtaalamu Ancel Keys. Kwa muda wa miezi 6 walikula karibu nusu ya chakula chao cha kawaida: viazi, mkate, makaroni. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Walisikia baridi hata wakati wa joto, moyo ukapiga polepole, wakalamba sahani, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Kumbuka, hawa walikuwa watu wa kujizuia! Na waliporuhusiwa kula watakavyo, wengine walikula mpaka tumbo likajaa, na njaa haikuondoka.

Leptini yenyewe iligunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman, New York. Mwaka 1997 wanganga wa Uingereza walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86, na hakushiba hata siku moja. Alipopewa sindano za leptini, njaa yake ilitulia, na kwa mwaka mmoja akapunguka kilo 16. Ni nani angethubutu kumwita mlafi?

Ugonjwa huo ni wa nadra sana. Wanene walio wengi wana leptini nyingi, lakini ubongo wao hauisikii vizuri, kwa hiyo sindano hiyo haiwasaidii sana. Uzito ambao mwili umeuzoea, ubongo unaulinda.

Basi dada anaweza kufunga siku tatu kweli kweli, akapunguka kilo mbili, na juma linalofuata kilo zote zikarudi bila yeye kula kwa pupa. Sehemu kubwa ya kilo hizo za kwanza ilikuwa maji.