Malazi ya Bei Nafuu Lushoto

Swali: Msafiri mwenye bajeti ndogo achague vipi nyumba ya kulala wageni mjini Lushoto?

Jibu: Lushoto, mji wa Milima ya Usambara Magharibi, una mwinuko, yaani kimo kutoka usawa wa bahari, wa takriban mita 1,400, hivyo usiku wa Juni hadi Agosti huwa wa baridi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mgeni hana budi kukagua blanketi na maji ya moto, na kuuliza iwapo bei inajumuisha kifungua kinywa. Nyumba iliyo karibu na stendi hupunguza nauli, ilhali iliyo upande wa Irente, nje kidogo ya mji, huwa na utulivu zaidi. Anayekaa usiku mmoja achague ya kwanza.